Grafu Ichorwe Tukiiona

Kabla hujafungua ukurasa wa mashairi, ambao najua ndio unaoutafuta, nakuomba unipe dakika chache. Nataka kubishana. Nabishana na wale wasemao kwamba bodi za elektroniki ni mambo ya chama cha sayansi na hayana kazi katika jarida la Chama cha Kiswahili. Zaidi ya hao, nabishana na wale wanaoamini kuwa chumba cha kompyuta hukaa salama zaidi kikiwa na kufuli mlangoni. Mimi nasema shule za kutwa za huku bara, Likoni, Kisauni na Changamwe, zinahitaji kitu kimoja ambacho bei yake haifiki ya viatu vya shule: grafu inayojichora mbele ya macho ya mwanafunzi, kutokana na kitu halisi kinachopimwa wakati huo huo.

Nieleze kwanza, maana najua wengine mtauliza, “Kitu gani tena hicho?” Maikrokontrola ni kompyuta ndogo sana, yote imo ndani ya chipu moja. Haina kioo wala kibodi. Rimoti ya televisheni inayo, mashine ya kufulia inayo, na wengi wetu tumeishi nayo nyumbani bila kujuana. Mwaka 2005 walimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha usanifu mjini Ivrea, Italia, waliiweka chipu ya aina hiyo kwenye bodi rahisi wakaiita Arduino, ili mtu asiye mhandisi aweze kuichezea. Siku hizi bodi za kuiga hiyo zimejaa madukani.

Bodi hiyo huunganishwa na kihisi. Nasema kihisi kwa kuwa wengine huita “sensa”, na sensa sisi twaijua: ni ile ya kuhesabu watu, kama ya mwaka 2019. Kihisi cha joto kiitwacho LM35 kina miguu mitatu na umbo dogo kama punje ya hindi. Kila digrii moja ya joto hutoa milivolti 10. Kukiwa na digrii 30, hutoa milivolti 300. Bodi huzigawa volti 5 katika vidato 1,024, ikatazama volti za kihisi zimefika kidato cha ngapi, ikageuza kuwa nambari, ikaitupa nambari hiyo kwenye waya wa USB. Upande wa pili programu ya kompyuta huipokea, huweka nukta, huunganisha nukta kwa mstari, na kuzisukuma za zamani zielekee kushoto. Basi, hakuna uchawi wowote.

Muhula wa kwanza, wakati wa lile joto mnalolijua wenyewe, kaka mmoja aliyewahi kusoma hapa na sasa yuko chuoni alituletea bodi yake na laptopu yake. Aliiweka kwenye dawati la mbele katika darasa letu la mabati, akachomeka waya, mstari ukaanza kutembea. Jamani, niwaambie ukweli: sijapata kuona darasa la watu hamsini na kitu likinyamaza vile bila ya mwalimu kugonga meza. Mstari ulikuwa ukipanda. Tena haukupanda kama mlima, ulipanda ngazi ngazi. Mmoja akakishika kihisi kwa vidole, mstari ukaruka. Akakiachia, ukashuka polepole, si kwa haraka ile uliyopandia. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu kidato cha kwanza sijamsikia akiuliza swali la fizikia, akasimama: “Kwa nini zile ngazi?”

Kwa nini zile ngazi! Hesabu yake ni hii. Ukizigawa volti 5 kwa 1,024, kila kidato ni kama milivolti 5, yaani nusu digrii. Bodi haiwezi kuona chini ya hapo. Joto lenyewe halipandi ngazi, ila macho ya bodi ndiyo yaonayo ngazi. Tulikuwa tumechora grafu kwa majuma manne kwenye karatasi ya miraba, na katika majuma hayo yote hakuna aliyeuliza kama chombo cha kupimia kina ukomo wake. Swali lile lilikuja kwa sababu grafu ilikuwa ikizaliwa mbele yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hulisemea chini chini. Karatasi ya tatu ya Fizikia katika KCSE ni ya maabara, nayo aghalabu huwa na grafu. Alama hutolewa kwa mihimili, kwa skeli, kwa nukta, kwa mstari. Mwanafunzi hujua mapema kuwa mstari unatakiwa unyooke. Afanyeje basi? Huchora mstari kwanza, halafu hurudi nyuma akaziandika nukta zilizokaa vizuri juu yake. Twaita kupika. Sitaji mtu, na wala sidhani ni tabia ya shule moja tu. Lakini tazameni maana yake: mtu anamaliza miaka minne ya sayansi akiwa amefunzwa kwamba vipimo ni vitu vya kutungwa ili vifanane na jibu. Grafu inayojichora haikupi nafasi hiyo. Ukitaka kuidanganya unaweza, lakini itakubidi uelewe programu, na ukishaielewa programu umekwisha jifunza zaidi ya uliyekuwa ukimdanganya.

Wapo wasemao kompyuta ikichora, mtoto atakuwa mvivu wa mkono. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mtu ambaye hajawahi kuchagua skeli kwa mkono wake hataijua skeli mbaya akiiona, na hizo programu huchagua skeli mbaya kila kukicha. Programu ya kuchorea inayokuja na Arduino huutanua na kuubana mhimili wa wima yenyewe, kadiri nambari zinavyokuja. Siku ile mstari ulianza kuruka juu chini kama mawimbi ya kusi, watu wakapiga kelele, “Joto limeharibika!” Kumbe ulikuwa ukicheza kati ya vidato viwili tu, nusu digrii, na programu ilikuwa imeinyosha nusu digrii hiyo ikajaza kioo kizima. Kwa hivyo nakubali: grafu za mkono kwanza, mbili tatu, tena kwa penseli iliyochongwa. Baada ya hapo tusizuiliwe.

Kuna na ila nyingine, nizitaje kwa haraka. Nukta zikishatoka upande wa kushoto wa kioo zimekwenda, hazirudi, ila kama umezihifadhi kwenye faili. Bodi nyingi za bei nafuu hazijui ni saa ngapi wala tarehe ngapi. Saa hupewa na kompyuta, au na kijisaa cha betri kinachonunuliwa mbali. Na volti 5 za USB si volti 5 kila mara. Zikipungua, bodi husoma joto kubwa kuliko lililopo, na hakuna kitakachokuonya. Ni lazima kipimajoto cha kawaida kiwe kando yake.

Naam, nimesema kuhusu joto. Lakini kisa kilichonifanya niandike ni cha maji.

Ng’ambo ya Likoni, pale Liwatoni, kuna mtambo wa kupima kina cha bahari ambao rekodi zake zilianza mwaka 1986. Husimamiwa na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ambayo makao yake makuu yako Mkomani. Mtambo huo ni mmoja katika mtandao wa dunia nzima wa vipimo vya usawa wa bahari. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua takriban watu 300 Somalia na mtu mmoja hapa Kenya, mitambo mingi ya Bahari Hindi iliboreshwa ili ipeleke nambari zake kwa setilaiti kila baada ya dakika chache badala ya kungoja mtu aende kuzichukua. Grafu za Mombasa zimewekwa kwenye tovuti ya Kamisheni ya Bahari ya UNESCO, na aliyeko Japani akitaka kuona maji ya Kilindini huyaona. Sisi tunaoyasikia maji hayo tukiwa kitandani wengi wetu hatujui kama zipo.

Kaka yule wa bodi alituchapishia karatasi ya rekodi za mwezi mmoja. Ni picha nzuri, sikwambii uongo. Mawimbi mawili kwa siku, kila wimbi likija dakika 25 baada ya kutimia muda wa saa 12, ndiyo maana maji ya leo huchelewa kama dakika 50 kuliko ya jana. Na mwezi mzima ukiutazama kwa mbali, mawimbi hayo hunenepa na kukonda mara mbili: pale mwezi uandamapo na pale uwapo mpevu ni bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa ikazidi mita tatu, katikati yake ni maji mafu, tofauti ikawa kama mita moja tu.

Sasa hapa ndipo wenzetu wanaovuka kutoka kisiwani walipoona wamepata wakili. Kila asemaye “Nilichelewa kwa sababu ya feri” hujibiwa kwamba feri ni ya kila siku, halafu hupewa fyekeo. Nao hujitetea: maji yakikupwa sana, njia ya kushukia huwa mwinuko mkali, magari hupanda kwa taabu, na safari hukawia. Hilo la mwinuko ni kweli tupu, kila mtu wa Likoni amelishuhudia. Walipoitazama grafu siku za bamvua, wakakuta maji yamekupwa kabisa saa 07:30. Saa moja na nusu asubuhi! Kengele ni saa moja. Walishangilia, wakataka karatasi ikabandikwe kwenye mlango wa ofisi siku ile ile.

Nikaichukua ile karatasi nikampelekea babu yangu, ambaye amevua Mtongwe tangu ujana wake. Hakuwa amewahi kuona grafu ya maji, lakini hakuhitaji kuelezwa. Kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye mawimbi membamba: “Haya mafu.” Kisha kwenye manene: “Haya bamvua.” Halafu akaniuliza zile nambari za chini ni nini. Nikamwambia ni saa, na hapa maji yamekupwa saa moja na nusu asubuhi. Babu akacheka mpaka akakohoa. “Hii yenu imepinduka, mwanangu. Maji ya bamvua hukupwa saa nne, saa tano. Saa moja asubuhi yangali katikati yashuka. Na saa kumi yamejaa. Mwafunzwa nini huko?”

Babu alikuwa sawa, na mtambo pia ulikuwa sawa. Saa zilizoandikwa chini ya grafu ni za Greenwich, Uingereza, kwa sababu mitambo ya dunia nzima hutumia saa moja. Ongeza muda wa saa tatu upate saa za Kenya: 10:30. Na 10:30 kwa lugha yetu ni saa nne na nusu, kama alivyosema mzee. Tena mwingine angeisoma hiyo 10:30 kuwa saa kumi na nusu, ambayo ndiyo saa ya maji kujaa, akapata kinyume kabisa cha ukweli. Saa tatu tofauti katika karatasi moja: ya Greenwich, ya Nairobi, na ya babu yangu.

Kwa hivyo utetezi wa wenzetu ulianguka. Siku za bamvua, saa wanazovuka asubuhi, maji huwa nusu ya safari yake. Mwenye udhuru wa mwinuko ni yule anayevuka saa nne na saa tano, na sote twajua kwamba saa hizo wanaovuka si wanafunzi. (Sisemi neno zaidi.) Wala haina maana kuwa hawacheleweshwi, foleni ipo, feri huharibika, watu hujaa. Lakini hayo hayamo kwenye grafu ya maji. Yanahitaji vipimo vyake: mtu aandike alifika kivukoni saa ngapi na akapanda saa ngapi, kila siku kwa muhula mzima. Hilo ni daftari na kalamu tu, na likifanywa, nakuhakikishieni fyekeo zile zitajadiliwa upya, kwa upande wowote.

Narudi kwa wale waliouliza Kiswahili kinaingia wapi. Kimeingia hapo kwenye mhimili wa chini. Programu hukubali chochote unachokiandika. Badala ya maneno ya Kiingereza yaliyokuja nayo, tuandike “Kina cha maji (mita)” na “Saa za Kenya”, na chini yake tuweke mstari wa pili wa saa za Kiswahili, saa nne chini ya 10:00. Ni kazi ya dakika tano kwa anayejua lugha ya Python au hata aliyeanza juzi. Grafu yenye mihimili hiyo babu yangu ataisoma mwenyewe bila ya mimi kumtafsiria vibaya. Na maneno bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa yaandikwe juu ya mstari pale pale yanapotokea. Lugha hii imekuwa ikiyapima maji haya kabla ya Liwatoni kuwa na mtambo.

Mtu ataniuliza: kama babu ajua yote, bodi ya nini? Babu anajua saa, na anajua mwezi. Lakini siku ile ile aliniambia kwamba bamvua za siku hizi hufika mahali ambapo zamani hazikuwa zikifika, kwenye shina la mnazi fulani. Je, ni bahari iliyopanda, au ni mchanga uliochukuliwa? Hilo kichwa cha mtu hakiwezi kulitenganisha. Linahitaji nambari zilizoandikwa mwaka baada ya mwaka mahali pamoja, bila kupikwa.

Wakazi wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, wanajua uzito wa nambari kuliko mimi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilipowaletea sumu ya madini ya risasi, kilio cha akina mama peke yake hakikutosha. Vipimo vya damu na vya udongo ndivyo vilivyosimama mahakamani, mpaka wakahukumiwa kulipwa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha haki hiyo Desemba 2024. Nisieleweke vibaya: kihisi cha shilingi mia mbili hakipimi risasi, na atakayewaambia kinapima anawadanganya. Vipimo vile ni vya maabara kubwa. Ila mtoto aliyezoea kuuliza “chombo hiki kinaona mpaka wapi?” ndiye atakayejua tofauti hiyo atakapoletewa karatasi ya kutia sahihi.

Basi tunaomba nini? Kwanza chumba kifunguliwe siku mbili kwa juma baada ya masomo, na jina la mwenye ufunguo libandikwe mlangoni. Najua jibu: vifaa vitaibwa, vitaharibiwa. Lakini kompyuta isiyowashwa nayo huharibika. Chumvi ya hewa ya pwani haiulizi kama mlango una kufuli. Pili, chama chetu na chama cha sayansi vichangie bodi moja na kihisi cha sauti cha aina isiyoingia maji. Hicho hutuma mlio usiosikika na sikio la mtu, hungoja mwangwi urudi kutoka kwenye maji, na kwa kuwa sauti hewani hukimbia kama mita 350 kwa sekunde katika joto letu, ukizidisha kwa muda na kugawanya kwa mbili unapata umbali. Vingi vya bei nafuu havivuki mita nne au tano, kwa hivyo kwenye gati lazima tukifunge pahala panapofaa, si juu kabisa.

Maji hutoka kupwa hadi kujaa kwa muda wa saa sita na dakika kidogo. Jumamosi moja inatosha. Barua ya kuomba ruhusa ya kutumia gati imekwisha andikwa, kwa Kiswahili, nayo inangoja sahihi. Kilichobaki ni laptopu moja kutoka chumba kile, Jumamosi ya bamvua, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Babu amesema atakuja, na ameshachagua tarehe.